Nyota Tano za Adabu

Maneno yenyewe yalinikuta nina pini mdomoni. Nilikuwa nimepiga magoti napima pindo la gauni la wifi yangu, naye akaniambia kutoka huko juu, kwa sauti ya kunionea huruma:

"Wifi, umesikia? Ile programu ya simu ya binti yako inapeleka watu wasiojulikana hadi milangoni. Kuna mjane kagongewa mlango na wanaume kumi na mmoja."

Nilitaka kujibu, pini zikanizuia. Nilipomaliza kuzitoa moja moja, wale wanaume walikuwa wameshakuwa genge, na mjane ameshalazwa hospitali.

Mimi nimeishia darasa la saba, na wasiwasi ndiyo kazi yangu ya pili baada ya cherehani. Binti yangu, ambaye nyumbani tunamwita Kifungo kwa sababu alimeza kifungo cha koti la mteja akiwa na miaka miwili, aliacha kazi ya ofisini akaitengeneza hiyo programu. Inaitwa Tukutane. Ukitaka wenzako wa kutembea nao asubuhi, au wa kusoma vitabu, au wa kufuma, unaitisha mkutano kwenye simu. Watu wa mitaa ya jirani wanauona, wanakuja. Ni kitu kizuri. Lakini maneno ya wifi yaliniganda kama nyuzi nyeupe kwenye sketi nyeusi. Nikipangusa huku, yanajitokeza kule.

Nikafunga kibanda mapema. Nilimkuta Kifungo mezani, kompyuta mbele yake, ameshika tama.

"Mwanangu, programu yako inapeleka majambazi majumbani?"

"Nani kasema?"

"Shangazi yako."

"Shangazi si ndiye aliyesema nimeolewa kisirisiri?" Akanigeuzia kompyuta. "Haya, ona mwenyewe. Niliwauliza watumiaji wote. Nyota tano, nyota tano, nyota tano. Hakuna hata mmoja aliyelalamika. Lakini walikuwa mia tatu na arobaini, sasa hawafiki mia. Wanaondoka kimya kimya, mama, na sijui kwa nini. Mwezi ukiisha hivi naizima, narudi ofisini kuwapigia magoti."

Nikazitazama zile nyota. Mwenye duka la dawa, tano. Fundi viatu, tano. Na wifi yangu yule yule, tano! Nikampigia hapo hapo.

"Wifi, mtoto umempa nyota tano, halafu nyuma unasema ana genge?"

"Ala! Ulitaka nimpe mbili? Mtoto wa kaka yangu? Nitamtazamaje usoni?"

Ndipo nikaelewa. Watu wetu hawamwambii mtu usoni kwamba kazi yake ina kasoro. Wanasema "nzuri, hongera," kisha hawarudi. Mahali wasiponyamaza ni kwa fundi cherehani. Ukishamsimamisha mtu mikono juu, futi kiunoni, atakueleza mpaka ya mkwe wake.

Kwanza nilimtafuta huyo mjane. Kumbe ni mwalimu mstaafu, anaishi mtaa wa nyuma ya shule, mzima kabisa. Alinifungulia mlango kidogo tu, mnyororo haujatolewa.

"Niliitisha kikao cha wasomaji wa vitabu," akasema, "nikiwa nimekaa humu ndani, kitandani. Jumamosi asubuhi nina povu kichwani, nasikia hodi. Watu kumi na mmoja, wanane wanawake, kila mmoja na kitabu chake. Programu iliwaelekeza hapa, mimi nilidhani itawaelekeza maktaba. Watu wazuri, sikatai. Lakini sasa wote wanajua mlango wangu, na wanajua sina mtu ndani. Nimebadilisha kufuli. Kilikuwa kikao changu cha kwanza tangu mume wangu afariki, na ndicho cha mwisho."

"Mbona hukumwambia binti yangu, mwalimu?"

"Nilimpa nyota tano. Anajitahidi, maskini."

Wiki hiyo kila niliyempima nilimuuliza habari za Tukutane, nikaandika jibu kama lilivyotoka, kwenye daftari lile lile la vipimo. Kifua thelathini na nane, kiuno thelathini na mbili, "maandishi madogo kama mayai ya chawa." Seremala mmoja, mabega kumi na tisa, aliandaa viti thelathini kwa sababu watu thelathini walibonyeza "Nakuja." Walikuja wanne. Nikamuuliza muuza maua, ambaye alikuwa mmoja wa wale thelathini, kwa nini alibonyeza.

"Sasa mama, pale pana 'Nakuja' na 'Siji.' Nimbonyezee mtu 'Siji' hivi hivi, kama nimegombana naye?"

Nikampelekea Kifungo daftari. Nilijua atajitetea, maana huyu hata kwenye vyombo vichafu hujitetea. Alisoma, akarudia ukurasa wa mwalimu mara mbili.

"Mama, inachukua mahali simu ilipo," akasema taratibu. "Niliijaribu nikiwa uwanjani, nikaitisha mkutano wa uwanjani. Sikuwaza kwamba mtu anaweza kuitisha akiwa kitandani kwake."

Hakujitetea. Siku hiyo hiyo aliiondoa ile alama ya mahali, akawaandikia watumiaji wote kosa lilikuwa nini na kwamba ni lake, kisha akaenda kusimama mbele ya ule mnyororo kuomba radhi. Mwalimu alimsikiliza bila kuutoa.

Baada ya hapo akawa anashona kidogo kidogo, kama mimi ninavyorekebisha gauni: unatoa hapa, unaingiza pale, mtu anavaa, unatazama tena. Mahali sasa unachagua mwenyewe kwenye orodha: maktaba, uwanja, ukumbi. Nyumba ya mtu haimo. Maandishi yakakua. "Siji" ikawa "Sitaweza, wasalimieni," na katikati akaweka "Nikijaaliwa." Muuza maua alicheka mpaka futi ikaniponyoka. Nyota akazing'oa zote, pakabaki swali moja: "Turekebishe nini?" Majibu yakaanza kumfikia mwenyewe, daftari langu likarudi kwenye viuno.

Zikiwa zimebaki siku tano mwezi uishe, simu yangu ikalia. Kikao cha wasomaji wa vitabu, chumba cha juu cha maktaba. Aliyeitisha: mwalimu. Nikabonyeza "Nakuja," na nilimaanisha.

Tulikuwa kumi na wanne. Mwalimu aliingia na kitabu kwapani, akaenda moja kwa moja kwa Kifungo mbele ya watu wote.

"Maandishi sasa nayaona. Lakini hiyo rangi ya kitufe, binti yangu, ni mbaya. Inaumiza macho."

Mtoto wangu akatabasamu kama amepewa zawadi, akatoa kalamu. "Ungependa rangi gani, mwalimu?"

Nilijifanya natafuta kitambaa mkobani. Programu haikuzimwa.

Nayaandika haya kwa wazazi wenzangu. Muyashike:

Usiitishe watu ukiwa nyumbani kabla hujatazama programu imeandika mahali gani.

Usibonyeze "Nakuja" kwa kuona haya. Kuna mtu anapanga viti.

Usimpe mtoto wa mwenzio nyota tano kisha umseme nyuma.

Usiyabebe maneno ya wifi bila kwenda kuuliza, wala usiyatupe bila kwenda kuuliza.

Usimsifu mwanao mpaka akakosa wa kumwambia kilichoharibika.

Usiweke pini mdomoni.