Ukurasa wa Kumi na Nane

Mwaka jana, kamati ya vitabu ilipokaa, mwalimu wa darasa la tatu alishupaza shingo mpaka wenzake wakachoka. Wao walitaka kitabu chenye maswali kumi mwishoni mwa kila sura, maana kitabu kisicho na maswali, eti, utajuaje kama kimemwingia mtoto? Kana kwamba hadithi ni dawa ya minyoo. Yeye alitaka kijitabu chembamba chenye picha za rangi zilizofifia, cha bibi na mjukuu wanaoufuata mto, kila siku wakifika mbele kidogo zaidi, ili waone unakoanzia. Mwishowe mwalimu mkuu aliridhia shingo upande, na nakala thelathini zikaagizwa.

Zilifika wiki ileile Kasuku alipofiwa na bibi yake.

Kasuku ni jina alilopewa na wenzake darasani. Msichana huyo alikuwa na mdomo usiojua likizo. Babu na bibi ndio waliomlea, na kila alichosema bibi nyumbani alikifikisha shuleni kikiwa bado cha moto. Aliporudi baada ya msiba alikaa kwenye dawati lake kimya. Akiitwa, anaitika "abee," basi. Mwalimu alimtazama, akakumbuka kurasa za kumi na nane na kumi na tisa. Hapo ndipo bibi wa kitabuni anapokufa.

Basi siku hiyo, watoto walipokwisha kwenda nyumbani, alijifungia darasani na chupa ya gundi. Alifungua nakala moja baada ya nyingine, zote thelathini, maana watoto hubadilishana, akazibandika kurasa hizo mbili uso kwa uso na kupitisha rula juu yake. Jua la alasiri liliingia dirishani likalala juu ya madawati, na vumbi la chaki likawa linaelea humo bila haraka. Alijihisi kama anawafunika watoto shuka, mmoja mmoja. Alijua kabisa kwamba anafanya ujinga, na hakuacha. Asubuhi yake akagawa vitabu, kila mtoto na chake, ruksa kwenda nacho nyumbani.

Saa ya hadithi ilikuwa baada ya chakula cha mchana, macho yanapokuwa mazito. Watoto walilaza vichwa juu ya mikono, naye akasoma kwa sauti ya chini, taratibu, mpaka darasa likaanza kuyeyuka. Ukuta wa nyuma ukawa ukingo wa mto. Ubao ukawa kivuli. Hata yeye mwenyewe, akigeuza kurasa, alisikia ubaridi wa maji kwenye vifundo vya miguu, na kengele ilipolia ilisikika kama inatoka mbali, nchi nyingine kabisa. Siku tatu zilipita hivyo. Ya nne alifika ukurasa wa kumi na saba, akarukia wa ishirini, akawainulia picha waione.

"Mwalimu, bibi yuko wapi?" sauti moja iliuliza, nusu usingizini.

"Yuko nyuma ya mti. Anakuja polepole, miguu inamuuma."

Ukurasa ule ulikuwa na miti, akapona. Uliofuata ulikuwa na mawe matupu.

"Sasa hapa mbona hakuna mti?"

"Ameinama nyuma ya jiwe. Anafunga kiatu."

"Bibi gani huyu wa kujifichaficha!" Wakacheka wote. Kasuku hakucheka. Hakuwa amelaza kichwa. Alimtazama mwalimu kama mama anavyomtazama mtoto mwenye sukari mdomoni anayeapa hajagusa kopo.

Kengele ilipolia wengine walitoka mbio. Yeye alikuja mezani na kufungua nakala yake. Zile kurasa mbili zilikuwa wazi, zimekunjamana, pembe moja imechanika.

"Nilizishika juu ya mvuke wa birika," alisema. "Siku ileile uliyotugawia vitabu. Niliona namba zimeruka."

Mwalimu alikosa pa kuweka uso. "Mwanangu, sikutaka uumie."

"Nilimsomea babu. Akalia sana. Tangu msiba alikuwa hajalia, na chakula alikuwa anakichezea tu. Alipomaliza kulia, akala. Sasa kila jioni ananiambia, hebu soma tena pale." Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyosema tangu arudi. "Kwani wewe ulidhani mimi sijui kama amekufa?"

Swali hilo lilimchoma kwa sababu halikuwa na hasira ndani yake. Alitaka kujibu kwa ile sauti ya ualimu. Hakuweza. "Niliogopa," alisema. "Sikujua nitakutazamaje nikifika pale."

Kasuku alikifunga kitabu chake. "Basi kesho nitasoma mimi. Wewe kaa."

Kesho yake mwalimu alikaa kwenye dawati la Kasuku, magoti yamebanana, na Kasuku akasimama mbele na kitabu chake kilichokunjamana. Hakuna aliyelaza kichwa. Alisoma kwa ile sauti yake ya zamani, inayofika mpaka uani:

"Asubuhi hiyo bibi hakuamka. Mjukuu alivaa viatu, akavivua, akakaa karibu naye."

Mwalimu alikuwa amekipigania kitabu hiki mwaka mzima, wala hajawahi kuyasikia maneno hayo yakisomwa kwa sauti. Machozi yalimtoka mbele ya darasa zima, kisha kwikwi, na hakuweza kuizuia. Mmoja alianza kuchekacheka kwa aibu.

Kasuku alishusha kitabu, kidole akakiacha kwenye mstari asipoteze mahali.

"Tumsubiri mwalimu," aliwaambia wenzake. "Akiwa tayari, tutaendelea."