Rota Itazame Saa Mbili

Sirili alikuwa ameapa mbele ya ukoo mzima: binti yake Violet hatapelekwa kanisani na gari la mtu, hasa gari la shemeji yake Ronald, lenye kiyoyozi na maringo. Atapanda Pijo ya nyumbani, ile ile iliyompeleka kubatizwa. Na ili Pijo isimwaibishe, siku moja kabla ya harusi aliifungua distributa, kile kifaa cha kugawa cheche kwa plagi, akaisugua mpaka ikang'aa. Kuirudisha ndiko kulikomshinda.

Asubuhi ya harusi akampigia simu Julius, fundi wake wa Kiboriloni.

"Mangi, taimingi ni jambo dogo," Julius alisema. "Pistoni namba moja ikishafika juu, rota itazame saa mbili. Funga, piga stata."

Jambo dogo! Sirili akatazama saa yake ya mkononi, maana yeye si mtu wa kubahatisha. Kila mtoto wa shule anajua: ikiwa saa mbili, mshale mfupi uko kwenye nane. Akaielekeza rota, kile kidole cha kuzunguka ndani ya distributa, huko huko, akafunga, akapiga stata.

Pijo ikajibu kwa mlipuko wa ekzosi uliotawanya kuku migombani. Akajaribu tena, mafataki. Violet alisimama barazani na shela lake, ameziba masikio.

"Baba Violet, kanisa si hapo ng'ambo ya migomba?" mkewe Salvina alisema. "Mshike mtoto mkono, mtembee."

"Binti yangu aende kwa miguu kama anakwenda kukata majani ya ng'ombe?"

Kengele ya kanisa ikalia. Violet akamtazama baba yake kwa huruma, akainua gauni, akaingia kwenye gari la Ronald lililokuwa likisubiri njiani. Salvina akamfuata. Sirili aliumia, lakini ubishi ulimzidi nguvu. Akampigia Julius tena.

"Nimeweka saa mbili kama ulivyosema!"

"Inatazama mbili au nane?"

"Saa mbili si nane?"

Julius akaangua kicheko. "Mangi! Mbili iliyoandikwa!"

"Basi ungesema saa nane!" Sirili alifoka, na kwa kweli hapo hakuwa na kosa.

Akaigeuza rota nusu duara. Stata moja tu, Pijo ikawaka. Ikatulia, laini, bila kikohozi hata kimoja, kimya kiasi kwamba vigelegele vya kanisani vilimfikia vyote, pale alipokaa nyuma ya usukani akilia.