Tangazo la Phebe

Vidole vya Quamino vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi, lakini Bwana Thurlow, mpiga chapa, alitaka ukurasa wa kwanza wa gazeti uwe tayari kabla ya saa nne. Akaokota herufi za risasi mojamoja, akazipanga kinyumenyume: *Mfalme wa Uingereza anataka kutufanya watumwa. Heri tufe.* Mwaka wa kumi na moja sasa alikuwa akipanga maneno ya namna hiyo kwa ajili ya mtu aliyemnunua.

Kapteni Hallam akaingia na theluji viatuni, karatasi mkononi.

"Thurlow, mjakazi wangu katoroka. Tangazo litoke leo leo."

Mpiga chapa akaisoma ile karatasi, kisha akamgeukia Quamino. "Phebe. Si mkeo huyu?"

"Ndiye, Bwana."

"Haya, Kapteni, una bahati. Anayemjua vizuri unaye hapa. We Quamino, ana alama gani?"

Quamino akainamia herufi zake.

"Nakuuliza! Au unataka Kapteni akupakie melini, ukakate miwa visiwa vya kusini?"

"Ana kovu la moto, Bwana. Mkono wa kulia."

"Wa kushoto," Kapteni akasema taratibu. "Pasi niliishika mimi mwenyewe."

Thurlow hakupiga kelele. Alisogea tu mpaka pumzi yake ikamgusa Quamino shingoni. "Umeshatudanganya mara moja. Sasa tupe la kweli."

"Akitembea sana…" Quamino akasema. "Huburuta mguu."

"Upi?"

"Wa kulia."

"Hilo sikulijua," Kapteni akasema, akacheka. "Litie."

Akalitia. Mkono ulizoea kazi kuliko moyo. Haukukosea hata herufi moja. Chini ya *Heri tufe* palikuwa na nafasi, na tangazo likatosha pale barabara.

Kufika adhuhuri watu walikuwa wamejazana mlangoni, wananyang'anyana magazeti. Mmoja alisoma kwa sauti, wengine wakarusha kofia juu. Asa Pruitt, mhunzi wa mtaa wa pili, akampiga Quamino begani kwa furaha.

"Umechapa maneno ya moto, ndugu yangu! Mwaka huu hatutawaliwi tena, utaona!"

"Naona, Bwana Pruitt."

"Niongezee moja, la shemeji yangu. Ndiye mwenye kivuko kule kaskazini. Hupenda kusoma kila kitu, hata matangazo."

Mji wao, Newport, uko kisiwani. Phebe angevuka kwa kivuko hicho cha kaskazini. Walipatana hivyo wawili, na hakuna mwingine aliyejua.

"Vipi, yamekwisha?" Pruitt akauliza, mkono ameunyoosha.

Bwana Thurlow alikuwa amesimama nyuma, anatazama.

Quamino akachukua gazeti, wino wake ungali mbichi, akalikunja vizuri, akampa.