Gari Jekundu la Bi Zuleha

Mara ya kwanza laptopu ilipozimika, Bi Zuleha alikuwa anakata kona ya mwisho. Gari lake jekundu lilikuwa linaongoza, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu aanze kufundishwa gemu ile. Ghafla kioo kikawa cheusi, na feni iliyokuwa ikivuma ndani ya mashine ikanyamaza.

"Nimeiua," alisema, akaondoa mikono kama mtu aliyeshika sufuria ya moto.

"Hujaiua, mama. Itawaka tu," Stara akamjibu.

Ikawaka. Lakini kesho yake ikazimika tena, na siku iliyofuata pia, kila wakiwa katikati ya mbio. Bi Zuleha akaanza kuikwepa. Baada ya swala ya alasiri, wakati waliozoea kukaa pamoja sebuleni, sasa alibaki chumbani kwake akidai ana nyuzi za kumalizia.

Aliyeumia ni Stara. Alikuwa ameolewa na Rahimu, mwana pekee wa Bi Zuleha, akaletwa mjini Dodoma kutoka milima ya Kibakwe. Rahimu aliendesha lori la mizigo, na safari zilimchukua zaidi kuliko nyumba. Miezi ya mwanzo mkwe na mkamwana waliishi kwa adabu tupu: shikamoo mama, marahaba, chumvi imetosha, imetosha. Kisha Rahimu akaleta laptopu iliyokwisha kutumika ng'ambo, miaka ile mitumba ya kila namna ilipoanza kufurika madukani. Ndani yake mlikuwa na gemu ya mbio za magari. Siku moja Bi Zuleha alisimama mlangoni akimtazama Stara akicheza, akauliza, "Hilo gari lako mbona linapanda ukuta?" Akaketi, akajaribu, akalitumbukiza lake mtoni, akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Tangu siku hiyo hawakukosa la kuzungumza. Stara hakutaka kabisa warudi kwenye kuulizana chumvi.

Kwa hiyo akaanza kuichunguza mashine. Hakuna aliyemfundisha kompyuta. Alichojua ni kubadili kitu kimoja, kutazama, kisha kubadili kingine. Alichomoa waya wa umeme akacheza kwa betri, ikazimika. Akahamia soketi nyingine, ikazimika. Akaandikia humo barua ndefu kwa dada yake bila kuigusa gemu, haikuzimika. Basi tatizo halikuwa umeme, wala mkono wa mtu. Ni mbio zenyewe ndizo zilizoishinda.

Jirani yao Jenifa, aliyekuja kuomba kibiriti, alimkuta katika kazi hiyo. "Hivyo ni virusi, shoga," alisema. "Au mkweo kaisomea kitu."

"Mkwe wangu anaiogopa kuliko unavyomwogopa wewe."

Asubuhi moja Stara akaibeba hadi jikoni ili acheze huku akichunga maharage. Akaiweka kwenye meza tupu ya mbao. Maharage yakachemka, yakaongezwa maji, yakaiva, na gemu ilikuwa bado inakwenda. Akasimamisha gari, akaiinua mashine taratibu. Chini yake palikuwa na matundu yanayovuta hewa, na ubavuni mengine yaliyokuwa yakiitoa ikiwa ya moto.

Alielewa, na alichokielewa hakikumpendeza.

Sebuleni laptopu ilikaa juu ya kitambaa. Bi Zuleha alikifuma mwenyewe, kinene, cha waridi, chenye marinda yaliyopanda mpaka ubavuni mwa mashine. Redio ilikuwa na chake, televisheni na chake, jagi la maji na migongo ya viti pia. Nyumba yenye heshima haiachi kitu uchi. Lakini hiki alikitandika kwa mkono wake akisema, "Hiki ni chetu, mimi na wewe."

Stara akakikunja vizuri, akakiweka kabatini. Alasiri akamwita mkwe wake waje wacheze.

Bi Zuleha akaiona meza tupu. "Kitambaa kimechafuka?"

"Hapana, mama."

"Basi umekichoka."

Hakusema kwa hasira. Aligeuka tu kurudi chumbani. Stara akajilaumu, angejibu kwamba kimechafuka, yangekwisha. Sasa njia hiyo ilikuwa imefungwa.

"Mama, naomba mkono wako."

Akauchukua, wenye hina iliyofifia, akauweka pale hewa inapotokea.

"Ina homa," Bi Zuleha akasema.

"Inapumua. Tukishindana inakimbia sana, inataka hewa. Na pua zake ziko chini."

Bi Zuleha aliitazama meza, kisha mashine. "Nami nikaziba pua."

"Ulikuwa unaikinga na vumbi."

"Vumbi la Dodoma halina wa kulikinga. Umejua lini?"

"Asubuhi."

"Na hukuniambia."

"Niliogopa, mama. Niliona utajitenga nami."

Bi Zuleha akaketi, akavuta pumzi. "Mimi najifungia nikidhani nina mkono mbaya, nitakuharibia kitu chako. Wewe uko huku unaniogopa. Watu wawili ndani ya nyumba, na kila mmoja ana ujinga wake. Haya, izime."

Akaenda kuleta sindano yake ya kufumia, ile yenye ncha iliyopinda. Akaichezesha kwenye matundu kwa upole, kama anayemsafisha mtoto masikio. Vikatoka vinyuzi vya waridi vilivyoshikana na vumbi jekundu.

"Tazama. Nilikuwa naifuma mpaka tumboni."

Stara akacheka kwanza, kisha wote wawili.

Wakaiwasha tena. Bi Zuleha alikuwa bado mbioni, magari mengine yote yakiwa yamekwisha kufika, simu ilipolia. Alikuwa Rahimu, yuko Singida.

"Mama yuko wapi?"

"Mwambie niko barabarani," Bi Zuleha akasema bila kuinua macho.

"Yuko barabarani."

"Barabarani anafanya nini?"

"Anaendesha. Ngoja kidogo, usikate."

Stara akaiweka simu mezani, akamsogelea mkwe wake bega kwa bega. Gari jekundu likagonga ukuta, likarudi nyuma, likapita mstari likiwa la mwisho kabisa. Kioo kiliendelea kuwaka. Bi Zuleha aliweka mikono mapajani akalitazama mpaka likasimama lenyewe.