Chumba cha Uani

Mpishi alikuwa amemwinua mumewe nusu, bakuli la uji chini ya kidevu, bangili ya kazi ilipoanza kutetemeka mkononi. Sauti ya tajiri ikatoka humo humo, kutoka nchi ya mbali anakoishi.

"Mama, mbona umetoka nyumbani saa za kazi?"

"Sijatoka, bosi. Niko chumbani kwetu, uani. Mzee kazidiwa, hata kumeza hawezi. Naomba nikae naye, leo tu."

Huko aliko, tajiri huvaa miwani mizito na kutembea ndani ya nyumba hii kama aliyepo. Ni nyumba ya picha, pacha wa hii ya matofali, yenye kila mlango na kila kijiko. Humo mpishi ni nukta ya njano inayoifuata bangili yake. Mafundi walipokuja kuipima kwa kamera zao, waliambiwa waliache banda la uani. Lilikuwa linavuja, lingeharibu sura.

"Hapo hakuna chumba," alisema tajiri. "Nimesimama dirishani. Naona nyasi tu, na wewe katikati yake."

"Ndiko tunakolala, bosi. Miaka yote hii."

"Mama, tusibishane na mtambo. Ukionekana nje, unakuandika mtoro. Mlinzi aliondoka hivyo hivyo, unajua."

Mume, aliyezikata nyasi hizo mpaka mapafu yalipomkataa, akatabasamu kwa shida.

"Kumbe mimi mbuzi," alinong'ona. "Nalala malishoni."

"Acha maneno, baba. Onja kidogo."

"Nenda, mke wangu. Ukifukuzwa, hata hizo nyasi tutazikosa."

Bangili ikatetemeka tena. Alimlaza ubavu, akamfuta mdomo kwa pindo la gauni, akauacha mlango wazi.

Jikoni hapakuwa na kazi. Vyombo vilikwisha kuoshwa, sakafu ilikwisha kukauka. Alijibanza kwenye ukuta unaopakana na banda, sikio kwenye plasta, akasikiliza kifua cha mumewe kikikwaruza upande wa pili kama msumeno butu. Kinakwaruza, kinapumzika, kinakwaruza.

"Sogea katikati, mama. Hapo ukutani unakatika nusu."

Akasogea. Pale katikati, kifua hakikusikika. Au kilikuwa kimenyamaza, hakuweza kujua.

"Vizuri," alisema tajiri. "Sasa nakuona."