Daftari la Watoro

Fomu ya mthamini ilikuwa na mistari tisa. Mstari wa sita ulisomeka "Kazi ya mikono", na huo ndio uliozikwamisha nyumba kumi na nne kando ya mtaa wa Pasua mwezi Februari 1997.

"Hizi laki sita na elfu arobaini zimetoka wapi?" aliuliza Kornelia. Alikuwa amesimama mbele ya meza ya Shedrack, mthamini wa ofisi ya mji, kijana wa Machame aliyemaliza chuo mwaka uliotangulia. "Vifaa vya nyumba moja ni milioni moja na laki sita. Risiti zote umeziona."

"Huo ni ufundi, mama. Asilimia arobaini ya vifaa."

"Hatukumlipa fundi."

"Kila nyumba ina ufundi."

"Ufundi upo. Malipo hayapo."

Shedrack aliigeuza fomu ili aisome mwenyewe. "Mstari wa sita unataka namba yenye risiti. Pasipo risiti, naweka asilimia arobaini. Jumla inakuwa milioni mbili, laki mbili na elfu arobaini. Msamaha wa ada unaishia milioni mbili."

"Basi weka sifuri."

"Mama, hakuna nyumba iliyojijenga yenyewe."

Kornelia aliichukua nakala yake, akaikunja mara mbili, akatoka.

Alikuwa mtunza ghala kiwandani kwa miaka ishirini na miwili, hadi alipopunguzwa kazini pamoja na wenzake mia mbili. Mwaka huohuo mji ulitangaza kwamba atakayejenga nyumba za gharama nafuu angesamehewa ada ya ramani, ya kibali na ya ukaguzi. Kornelia alilinakili tangazo kwa mkono kutoka kwenye ubao, akawatafuta wenzake kumi na watatu kabla hawajamaliza kiinua mgongo. Waliomba viwanja kumi na vinne vinavyopakana, wakapewa. Sasa kuta zilikuwa zimesimama na lenta za juu ya milango na madirisha zimefungwa. Katika akaunti ya kikundi kulikuwa na milioni mbili na laki sita, fedha za mabati. Ada za nyumba zote, kama msamaha ungekataliwa, zilikuwa milioni mbili, laki tano na elfu ishirini. Wakilipa ada, mvua za masika zingezikuta nyumba bila paa, na matofali yao hayakuwa ya kuhimili masika bila paa.

Ufundi hawakuulipia kwa sababu walijenga kwa msaragambo, kama wanavyotengeneza mfereji au barabara kule mlimani walikozaliwa: kila kaya inatoa mtu mmoja, kazi ni ya wote. Huko Kirua Vunjo pembe ilipigwa alfajiri. Hapa Pasua waligonga kipande cha reli saa moja asubuhi, kila Jumamosi. Na kama kule mlimani, hawakuandika aliyefika. Kufika si habari. Waliandika asiyefika, kwa jina na tarehe, na Jumamosi iliyofuata mtu huyo alibeba madebe kumi na tano ya maji kutoka bombani kabla ya kugusa kazi nyingine. Elinipendo, ambaye ni Msabato, alifanya zamu yake Jumapili peke yake. Hakuandikwa popote, kwa kuwa hakukosa.

Kwa hiyo, baada ya wiki sabini za kazi, maandishi pekee waliyokuwa nayo kuhusu kazi hiyo yalikuwa daftari la kurasa sitini na nne, lenye majina ya watu ambao hawakuifanya.

Jioni ile Kornelia aliwaeleza wenzake. Walikuwa wameketi juu ya mafungu ya matofali yaliyobaki, na pamoja nao alikuwapo mtu ambaye hakumwalika: Eliamini, mkandarasi mwenye ofisi karibu na stendi. Alikuwa ameletwa na Ndelilio, mwashi mwenye miaka sitini na sita, mmoja wa wenye viwanja, ambaye ndiye aliyepiga timazi kila pembe ya kila nyumba.

"Shikamoo, meku," Kornelia alimsalimu Ndelilio, kama Wachagga wanavyomwita mzee. "Huyu naye ana kiwanja hapa?"

"Marahaba. Ana mhuri," alijibu Ndelilio. "Msikilizeni."

Eliamini alitoa kitabu cha risiti mfukoni. "Mimi sina maneno mengi. Nawaandikia risiti kumi na nne, ufundi laki tatu kwa kila nyumba. Pamoja na vifaa, milioni moja na laki tisa. Mmepita, mnasamehewa, mnaezeka. Kijana wa ofisini anataka karatasi, apewe karatasi."

"Na wewe unataka nini?" aliuliza Kornelia.

"Sitaki hata shilingi, mama yangu."

"Ndiyo maana nauliza."

Eliamini alicheka. "Kibao tu. Pale mwanzo wa njia. 'Nyumba hizi zimejengwa na Eliamini na Wanawe.' Kuna kazi ya nyumba za walimu inakuja, wanataka mkandarasi aliyewahi kujenga nyumba kumi na zaidi."

Wengi walikuwa wakipiga hesabu ya wiki zilizobaki kabla ya masika, na hesabu ilimpendelea Eliamini.

"Una wana wangapi?" Ndelilio aliuliza taratibu.

"Mmoja, mzee. Yuko sekondari."

"Anajua kushika mwiko?"

"Hilo ni jina la kampuni tu, mzee wangu."

Ndelilio alisimama. Alikwenda hadi kwenye ukuta wa nyumba ya tatu, akauweka mgongo wake kwenye pembe kama anayepimwa urefu, akarudi. "Ile pembe niliibomoa mara mbili kwa sababu ya upana wa kidole," alisema. "Mara mbili, Eliamini. Wewe siku hiyo ulikuwa wapi?"

"Mzee, si wewe uliyeniita?"

"Nilikuita kwa ajili ya risiti. Sikukuita uwe baba wa nyumba zangu. Nenda, bwana."

Eliamini alipoondoka, Yona, jirani wa Kornelia, aliuliza swali lililokuwa kichwani mwa wote. "Sasa Kornelia, tumefukuza karatasi. Kamati ya msamaha inakaa Alhamisi. Utawapelekea nini?"

"Nitawapelekea tulichonacho."

"Tuna daftari la watoro."

"Ndilo hilo."

Mtu mmoja aliguna. "Watatucheka mji mzima."

"Wacheke. Kucheka hakuna ada."

Kamati ilikuwa na watu watano. Mwenyekiti alikuwa diwani, Mheshimiwa Yuditha, mwanamke mfupi mwenye miwani ya kamba. Shedrack alisoma taarifa yake kwa dakika nne, bila chuki na bila kosa la hesabu. Kisha Kornelia aliweka daftari mezani.

Shedrack alilifungua, akasoma, akafunga. "Mheshimiwa Mwenyekiti, hii ni orodha ya watu ambao hawakufanya kazi. Tunaombwa kuthibitisha kazi kwa orodha ya wasioifanya."

Wajumbe walicheka. Kornelia aliwasubiri wamalize.

"Kazi yenyewe haihitaji kuthibitishwa, imesimama Pasua," alisema. "Mnachouliza ni nani aliifanya. Kaya kumi na nne kwa wiki sabini ni zamu mia tisa na themanini. Humo ndani utoro umeandikwa mara arobaini na tatu. Zamu mia tisa thelathini na saba zilifanywa na sisi. Mnaweza kumwita mtu yeyote mkamuuliza, hata aliyeandikwa. Hasa aliyeandikwa, kwa sababu ana hasira na mimi."

Mheshimiwa Yuditha alikuwa akipekua kurasa. "Kornelia huyu aliyeandikwa mara mbili ni nani?"

"Ni mimi."

"Ulikosa nini?"

"Mara ya kwanza nilikwenda Holili kufuata misumari, sikuaga. Mara ya pili nililala."

Safari hii alicheka hata Shedrack. Mwenyekiti hakucheka. Alivua miwani.

"Nimekaa kamati hii miaka sita," alisema. "Anayetaka kunidanganya huniletea sifa zake. Sijaona mtu aliyekaa chini akaghushi aibu yake mwenyewe, mwaka mzima na zaidi, kwa kalamu tatu tofauti."

Mjumbe mmoja aliona njia ya kumaliza mapema. "Tuwasamehe nusu ya ada, Mheshimiwa. Fomu itakuwa imeheshimiwa, na wao watakuwa wamesaidiwa."

"Hatuitaki nusu," alisema Kornelia.

"Mama, unakataa zaidi ya milioni moja?"

"Kama tuliwalipa mafundi, tumewadanganya ninyi, mtutoze zote. Kama hatukuwalipa, tumetimiza tangazo lenu, msitutoze hata senti. Nielezeni nusu inatokana na nini, nami nitaipokea."

Mjumbe aliyependekeza nusu alirudi kuipekua fomu.

"Keshokutwa ni Jumamosi," Kornelia aliendelea. "Tunapandisha kenchi za mwisho za paa. Mtumeni mthamini aje aone nani anafanya kazi na nani analipwa. Reli inagongwa saa moja."

Mwenyekiti aliandika mstari mmoja, akausoma kwa sauti: mthamini ashinde kwenye eneo la ujenzi Jumamosi, akikuta fundi hata mmoja wa kulipwa, ada yote, asipomkuta, mstari wa sita aujaze kama alivyoona, na kamati itaufuata.

Jumamosi reli iligongwa saa moja. Shedrack alifika saa tatu kasoro dakika kumi, kwa viatu vyeusi, na fomu ndani ya bahasha. Kornelia alimwona, akalifungua daftari juu ya toroli, akaandika.

"Umeandika nini, mama?"

"Jina lako na tarehe. Wewe ni wa arobaini na nne."

"Mimi si mwanachama!"

"Kamati ilikupa zamu hapa leo, na hukufika kwa wakati. Madebe kumi na tano. Bomba liko kule."

Watu waliokuwa juu ya kenchi waliacha kupiga misumari ili wasikie vizuri. "Msaidieni kijana, hayo madebe yasimchafulie viatu," alisema mmoja. "Mwache," alijibu Ndelilio kutoka juu ya ukuta, "wa Machame wanajua maji, wamekulia kwenye mifereji."

Shedrack alitazama huku na huku. Aliweka bahasha juu ya tofali, akaweka jiwe juu yake, akavua viatu. Kati ya debe na debe alimsimamisha mtu mmoja kando na kumuuliza nani alimpa kazi, kwa malipo gani, tangu lini. Aliwauliza watu tisa hivyo, na kila mmoja peke yake. Kwa debe la tisa shati lilikuwa limemganda mgongoni. Debe la kumi na tano alilimwaga kwenye pipa saa tano na nusu, akaenda moja kwa moja kwenye bahasha.

Alijaza fomu akiwa amesimama, akiegemeza karatasi kwenye ukuta wa nyumba ya tatu. Kornelia alikuja, akasimama ubavuni kwake, bila kuomba ruhusa. Mstari wa sita: sifuri. Jumla: milioni moja na laki sita. Chini yake, mahali pa maelezo, Shedrack aliandika kwamba kazi imefanywa na wenye nyumba kwa zamu na kwamba ameishuhudia. Akatia saini.

"Nyumba zote kumi na nne?" aliuliza Kornelia.

"Zote kumi na nne."

Kornelia aliisoma fomu tangu juu hadi chini, mara mbili. Kisha aliirudisha. "Tarehe umekosea. Leo ni tarehe ishirini na mbili."

Shedrack alisahihisha. Alivaa viatu, akasita. "Mama, maji nimebeba. Jina langu sasa unalifuta?"

"Aliyebeba maji anaruhusiwa kufanya kazi. Hafutwi."

"Hata mimi niliyeandika sifuri?"

"Sifuri umeiandika kwa sababu ndiyo uliyoiona. Hukunipa zawadi." Kornelia alilifunga daftari na kuliweka kwapani. "Na mimi nimo humo mara mbili. Hakuna aliyenifuta."

Alimwacha hapo, akatembea hadi kwenye mabati ishirini ya kuanzia, yaliyokuwa yameegemezwa ukutani tangu Ijumaa. Alishika ncha moja ya bati la juu, Yona akashika nyingine, na Ndelilio akainama juu ya kenchi kulipokea.