Mtungi wa Tatu

Usigeuze uso. Ulikuwepo. Juni ya mwaka ule wa korona, mbele ya dispensari ya Mabati Nne hapa Isiolo, ulikaa kivulini na simu yako ukaona kila kitu. Ukiulizwa leo unasema, "Sikuwa na habari." Mimi Koome nilikuwa nayo, na sisahau.

Agizo lilisema mita mbili kati ya mgonjwa na mgonjwa. Tukatii vile tunavyojua kupanga foleni ya maji: kila mtu akaweka mtungi wake wa manjano, mita mbili kutoka mtungi wa mwenzake, safi kabisa. Halafu wenye mitungi tukaenda kubanana chini ya mgunga mmoja, magoti yakigusana, tukipitishiana ugoro. Mitungi haikuambukizana kitu.

Ndani alikuwa Sista Kagwiria, peke yake, na barakoa moja aliyoifua kila jioni tangu Machi. Simlaumu kwa kuogopa. Asubuhi alikusanya vitabu vyetu vya kliniki kwa mpangilio wa mitungi, akafunga dirisha, akaacha upenyo tu. Majina hayakuitwa tena. "Mtungi wa kwanza! Moja asubuhi, moja jioni!" Aule, mlinzi, anapokea pakiti kwa sepetu, anaipeleka mikono imenyooka kama aliyebeba nyoka, anaiweka juu ya mtungi, anarudi.

Wiki tatu mitungi ya Isiolo ilitibiwa vizuri sana.

Siku ninayoisema, sista akiwa bado anafunga dawa, lori la maji likapiga honi barabarani. Unajua lori hilo huja mara ngapi. Kila mtu alinyakua mtungi akakimbia, hata mzee Lochoro aliyeletwa asubuhi ameshikiliwa pande zote mbili. Tukajaza, tukarudi, tukapanga upya. Mita mbili tulizingatia. Nani alikuwa wapi, hakuna aliyejali.

Mimi niliangalia. Asubuhi Lochoro, mgonjwa wa sukari, alikuwa wa tatu, mtungi wake umezibwa kwa gunzi la mahindi. Mama Gumato, wa presha, alikuwa wa tano, mtungi wenye kitambaa chekundu. Sasa kitambaa kilikuwa cha tatu na gunzi la tano. Mama Gumato ana mbio.

"Mtungi wa tatu! Mbili sasa hivi, kisha ule chakula!"

Sepetu ikaleta, ikapeleka na za wa nne na wa tano. Mama Gumato akafungua pakiti.

"Mama, weka chini. Hiyo ni ya Lochoro."

"Lochoro ni wa tano. Mimi ni wa tatu. Hesabu."

"Asubuhi ulikuwa wa tano! Na dawa yako unakunywa moja, miaka tisa sasa. Hizo ni za kushusha sukari, na wewe umetoka Ngaremara alfajiri bila hata chai. Utaanguka hapa usiamke."

"Wewe Koome, hata kwa harusi ya Duba ulilalamikia mchele."

"Ule mchele ulikuwa mbichi!"

Watu wakacheka. Wewe pia ulicheka.

"Muache mama anywe dawa," Lochoro akapaza sauti kutoka chini ya mgunga. "Mimi yangu leo ni moja tu. Nimepona!"

Ili kuninyamazisha, Mama Gumato akarusha vidonge viwili mdomoni. Alisahau kwamba amevaa barakoa. Vikaigonga, vikaanguka vumbini, naye akainama kuvitafuta. Nikapata nafasi. Nikakimbia, nikagonga dirisha kwa ngumi.

"Mita mbili, Koome!"

"Sista, mtungi wa tatu ni nani?"

"Si uangalie namba!"

"Namba zilienda kuchota maji!"

Mlango ukafunguka, mara ya kwanza baada ya wiki tatu. Sista akachukua pakiti, akasoma jina aliloliandika mwenyewe.

"Mama, wewe unaitwa nani?"

"Umenizalisha watoto wawili na unaniuliza mimi ni nani?"

"Taja tu. Tafadhali."

"Gumato."

Sista akakaa juu ya mtungi. Ndipo Mutembei, dereva wa lori la mchanga, akainua mkono polepole akauliza vidonge alivyomaliza wiki iliyopita vilikuwa vya nini. Vilikuwa vya wajawazito. Akasema kweli alisikia nguvu.

Mama Gumato alienda nyumbani na dawa yake. Mwezi mzima majina yakaitwa. Kisha tukachoka, korona ikaisha, lakini ule upenyo ukabaki. Jumanne iliyopita nimesikia kwa masikio yangu: "Mtungi wa nne!" Nikageuka. Kitambaa chekundu. Na wewe ulikuwa nyuma yake, macho kwenye simu.

Kesho wanafungua saa mbili. Nenda. Simama dirishani kwa miguu yako, acha mtungi nyumbani. Taja jina lako kwa sauti, na usiondoke mpaka ulione kwenye pakiti. Halafu msomee Mama Gumato pakiti yake kabla hajameza, kwa sababu wewe ulienda shule na yeye hakupelekwa. Weka hiyo simu chini. Inuka.